Peters wa 1884 na Peters wa 1941

Sinema iliingia katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki kwa cheo cha mwalimu. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham walianza kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika, kwa fedha za Shirika la Carnegie la New York na chini ya Baraza la Kimataifa la Wamisionari. Kufikia 1937 walikuwa wamekamilisha filamu 35: za safura, za kahawa inayolimwa chini ya kivuli cha migomba, za akiba ya posta, za kodi. Lori lililobeba projekta na jenereta lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na maelezo yalitoka kwenye santuri kwa lugha ya wasikilizaji. Watu walikaa, wakatazama, wakaelekezwa. Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoanzishwa London mwaka 1939, kiliendeleza kazi hiyo kwa imani ya mkuu wake, William Sellers, kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, hivyo apewe picha za polepole zisizo na hila. Katika mipango yote hiyo hakuna aliyetarajia mtazamaji anyanyuke na kuuliza: hii imetengenezwa na nani, mwaka gani, na anataka nini kwangu?

Maswali hayo ndiyo somo lenyewe la historia, na ndiyo yanayokosekana pale filamu za kihistoria zinapoingizwa katika madarasa ya sekondari. Mwalimu amemaliza mada, muhula unakaribia kwisha, projekta inawashwa. Vijana wanatazama kwa saa mbili. Kengele inalia, na kesho yake daftari linafunguliwa kana kwamba hakuna kilichoonyeshwa. Wengi wanaolalamikia desturi hii wanasema tiba yake ni kuchagua filamu zilizo sahihi zaidi. Mimi naona tiba iko kwingine. Filamu ya kihistoria ni ushahidi mzito kuhusu mwaka ilipotengenezwa, na ushahidi mwepesi kuhusu mwaka inaousimulia. Kijana akijifunza kuisoma hivyo, hata filamu iliyojaa uongo inamfaa, pengine kuliko ile tunayoipenda. Mfano ninaoutetea nimeuchagua kwa sababu ni mgumu: filamu ya Kijerumani iitwayo Carl Peters, iliyotoka mwaka 1941 chini ya utawala wa Hitler, kuhusu mtu ambaye mwanafunzi wa historia wa Tanzania hawezi kumaliza shule bila kukutana na jina lake.

Kwanza yale tunayoyajua bila msaada wa kamera. Novemba 1884 Carl Peters, akiwa na umri wa miaka 28, alifika Unguja na wenzake wachache, akavuka hadi Saadani, akaingia bara. Katika majuma machache walikusanya mikataba huko Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami. Unaojulikana zaidi ni ule wa Mangungu wa Msovero. Kwa maneno ya mkataba huo, Mangungu anamkabidhi Peters, mwakilishi wa Jumuiya ya Ukoloni wa Kijerumani, nchi yake yote pamoja na haki zake zote, na anathibitisha kwamba hamtegemei Sultani wa Zanzibar kwa njia yoyote. Kifungu hicho cha Sultani kinaonyesha karatasi ile iliandikwa isomwe wapi. Mangungu hakuwa na haja ya kujitangaza mbele ya Berlin. Peters ndiye aliyehitaji hati ya kuionyesha serikali yake kwamba ardhi ile haina mwenyewe mwingine. Mkataba unamtaja mkalimani kwa jina, Ramazan, lakini hautuambii Ramazan alimwambia nini Mangungu, wala Mangungu alijibu kwa maneno gani. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaisari Wilhelm wa Kwanza akatoa barua ya ulinzi kwa maeneo hayo. Sultani Barghash alipopinga, manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya Unguja mwezi Agosti mwaka huohuo.

Miaka sita baadaye Peters alikuwa kamishna wa Kaisari huko Kilimanjaro. Kati ya 1891 na 1892 aliamuru mtumishi aitwaye Mabruk anyongwe, na baada yake mwanamke aitwaye Jagodja, ambaye Peters alikuwa amemfanya suria. Habari zilifika Ulaya, na mwaka 1896 August Bebel, kiongozi wa chama cha Kisoshalisti, alizianika katika Bunge la Ujerumani. Mwaka uliofuata mahakama ya nidhamu ikamfukuza Peters katika utumishi wa serikali. Jambo hili vijana wetu hawaelezwi vya kutosha: utawala wa kikoloni uleule, uliofaidika na mikataba yake, ulimwona hafai. Alikufa mwaka 1918 akiwa na heshima iliyorudishwa nusunusu, na ni Hitler aliyemsafisha rasmi mwaka 1937, miaka 19 baada ya kifo chake.

Filamu inaanzia kwenye usafishaji huo. Mwongozaji wake alikuwa Herbert Selpin, na Peters aliigizwa na Hans Albers, mmoja wa waigizaji waliopendwa sana Ujerumani wakati ule. Peters wa Albers ni mzalendo mwenye macho ya mbali, anayetangulia kuona kile ambacho nchi yake bado haijakiona. Waingereza ni wanafiki wanaomwekea mitego. Wabunge ni watu wa kubwata. Katika idara ya makoloni amewekwa ofisa Myahudi kuwa adui wa ndani, na kuwanyonga Waafrika kunaonyeshwa kama wajibu mzito ambao kiongozi shupavu haukwepi. Ukiitazama ili kujua yaliyotokea Usagara mwaka 1884, utatoka umepotoshwa kabisa. Sasa iweke mahali pake, katika mwaka 1941. Ujerumani ilikuwa imenyang'anywa Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza na ilitaka makoloni irudishiwe. Ndege zake zilikuwa zinaishambulia London kwa mabomu. Bunge lake lilikuwa limekufa tangu 1933, likabaki jengo na makofi. Kabla ya mwaka huo kwisha, treni za kuwahamishia mashariki Wayahudi wa Berlin zilikuwa zimeanza safari. Kila adui wa Peters ndani ya filamu ni adui wa Hitler nje ya filamu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuuona ulingano huo bila kufafanuliwa, ikiwa tu atapewa tarehe na kuulizwa.

Kuna jambo lingine ndani ya filamu hii, nalo linaigusa Dar es Salaam moja kwa moja. Msaidizi wa Kiafrika wa Peters, anayeitwa Ramasan katika filamu, aliigizwa na Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed, mtoto wa askari mwenye asili ya Sudan. Akiwa bado mtoto alimfuata baba yake katika jeshi la Kijerumani la von Lettow-Vorbeck wakati wa Vita vya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin, akitaka kudai mishahara ya vita ambayo yeye na baba yake hawakuwahi kulipwa. Hakulipwa. Akawa mhudumu wa mgahawa, akaoa, akafundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin kama msaidizi wa lugha, na jioni na likizo akaigiza katika filamu ambazo zilihitaji sura nyeusi nyuma ya shujaa mweupe. Aliomba nishani waliyopewa wapiganaji wa Vita vya Kwanza, akakataliwa kwa sababu ya rangi yake. Filamu zake zinakadiriwa kupita ishirini, na Carl Peters ndiyo ya mwisho. Mwaka huohuo wa 1941 alikamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani, akapelekwa bila hukumu ya mahakama katika kambi ya Sachsenhausen, na akafa humo Novemba 1944. Mwaka 2007 jiwe dogo la kumbukumbu lenye jina lake liliwekwa njiani mbele ya nyumba aliyokuwa akiishi Berlin, na mwaka huohuo mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst akachapisha kitabu kuhusu maisha yake.

Waafrika wengi wanaoonekana nyuma yake katika filamu hiyo, wakicheza watu wa Usagara, walikuwa mateka wa vita: askari wa makoloni ya Ufaransa waliotekwa mwaka 1940. Kwa hiyo macho yanayotutazama kutoka kwenye picha zile ni ya watu wasiokuwa na hiari ya kukataa. Hii ndiyo sababu siwezi kukubali kwamba filamu ya propaganda haina ukweli wowote ndani yake. Ukweli upo, isipokuwa haukuwekwa na mwongozaji. Uko katika nyuso, katika majina ya waigizaji, katika tarehe. Mwalimu anayemwonyesha kijana namna ya kuuchimba amempa stadi ambayo hakuna orodha ya sababu tano za ukoloni inayoweza kuitoa.

Darasani kazi hiyo haihitaji filamu nzima. Dakika kumi au kumi na tano zinatosha: tukio la mikataba na tukio la Peters akijitetea. Mezani ziwepo karatasi tatu. Ya kwanza ni maneno ya mkataba wa Msovero, ambayo tayari yamo katika vitabu vya historia vinavyotumika Afrika Mashariki. Ya pili ni maelezo mafupi ya shauri la 1896 na 1897. Ya tatu ni maisha ya Husen katika nusu ukurasa. Vijana wakitazama kwanza na kusoma baadaye, watajikuta wamevutwa upande wa Peters, kwa sababu muziki, mwanga na uso wa Albers vimepangwa viwavute. Sioni ubaya wa kuvutwa huko mwanzoni. Kijana anayegundua kwamba dakika ishirini zilizopita alikuwa anamshangilia mtu aliyemnyonga Jagodja hataambiwa tena nguvu ya propaganda; ameshaijua kwa kupitia.

Utafiti wa saikolojia unaunga mkono namna hii ya kufundisha, na unatoa onyo pia. Mwaka 2009 Andrew Butler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis walichapisha jaribio ambalo wanafunzi walisoma maandishi sahihi kuhusu tukio la kihistoria na pia wakatazama kipande cha filamu ya kibiashara kuhusu tukio lilelile. Filamu ilipokubaliana na maandishi, walikumbuka zaidi. Ilipoyapinga, wengi walirudia kosa la filamu, huku wakiamini kwamba walilisoma. Onyo la jumla, kwamba filamu huweza kuwa na makosa, halikuwasaidia sana. Kilichosaidia ni onyo mahususi: hapa, katika tukio hili, jambo hili si kweli, na ukweli ni huu. Maana yake kwa mwalimu ni nzito. Kusema tu "msiamini kila mnachokiona" kisha kuwasha projekta ni kujitoa lawamani. Ni lazima mwalimu ajue filamu imekosea wapi hasa, asimamishe hapohapo, na asome karatasi kwa sauti.

Wapo watakaosema kwamba filamu ya Kinazi ni sumu, na haistahili kuwekwa mbele ya watoto wa miaka kumi na tano. Nalichukulia pingamizi hili kwa uzito wote. Ujerumani yenyewe bado ina filamu kadhaa za wakati wa Hitler ambazo haziruhusiwi kuonyeshwa hadharani bila utangulizi wa mtaalamu na mjadala baada yake, na nadhani utaratibu huo ni wa busara. Lakini tazama wanachokipata vijana nje ya shule. Simu zao zimejaa vipande vya video kuhusu vita, wafalme, njama na mashujaa, visivyo na tarehe wala jina la aliyetengeneza, na huko hakuna wa kusimamisha picha. Filamu ya 1941 inaonyesha hila zilezile kwa umbali unaotosha kuzitazama kwa utulivu, na juu ya watu ambao mwanafunzi wa Morogoro au Moshi anaweza kuwaita wa kwao. Masharti yangu ni haya: isionyeshwe nzima, isionyeshwe bila karatasi, na kisa cha Wayahudi kisirukwe kwa kisingizio kwamba kiko mbali nasi. Filamu imewaweka Myahudi na Mwafrika katika hesabu moja. Darasa nalo liwaweke pamoja.

Pingamizi la lugha ni jepesi kuliko linavyoonekana. Filamu ni ya Kijerumani, kweli. Lakini vijana wa mitaa yetu wamelelewa na filamu zinazotafsiriwa papo hapo. Katika vibanda umiza vya Tanzania, sauti ya Lufufu ilieleza filamu za kigeni kwa Kiswahili kwa miaka mingi, na Kenya ina DJ Afro. Watazamaji hao wamezoea sauti ya pili inayofasiri, inayochambua, hata inayopingana na picha. Mwalimu akisimama kando ya skrini na kufanya hivyo, kwa umakini na kwa ushahidi, hajaleta jambo geni. Na pale ambapo hakuna umeme wala projekta, picha nne zilizochapishwa kutoka kwenye filamu zinaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi, kwa kuwa kinachofundishwa ni kusoma, na kusoma huanza na picha iliyosimama.

Pingamizi ninalolipa uzito kuliko yote ni la wanaouliza: kwa nini tusitumie muda huo kuonyesha filamu zinazotusimulia kwa haki? Jibu langu ni kwamba tuzionyeshe, lakini kwa ukali uleule. Chukua Kenya. Mwaka 1955 Waingereza walitoa filamu ya Simba, iliyoongozwa na Brian Desmond Hurst, wakati hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 bado inaendelea na maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu wako kizuizini. Humo Mau Mau ni hofu ya usiku inayolivamia shamba la mzungu. Mwaka 2010 ikatoka The First Grader, ya Justin Chadwick, kuhusu Kimani Maruge, mkongwe wa Mau Mau aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya elimu ya msingi kutangazwa bure. Humo mateso ya kambini yanaonyeshwa wazi. Moyo wangu uko na filamu ya pili, na nina hakika ya mwanafunzi utakuwa huko pia. Hata hivyo nayo ina mwaka wake. Ilitoka wakati wazee wa Kenya walikuwa wameishitaki serikali ya Uingereza mjini London, shauri lililomalizika Juni 2013 kwa Uingereza kueleza majuto na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Jambo ambalo lisingeweza kuonyeshwa kwenye sinema ya Uingereza mwaka 1955 liliweza kuonyeshwa 2010, na sababu za mabadiliko hayo ni historia kamili kwa nafsi yake. Mwalimu anayeonyesha The First Grader peke yake, kwa kuwa ni nzuri, amewanyima vijana historia hiyo. Zaidi ya hapo, ni rahisi kumpinga Peters wa 1941. Kumuuliza maswali magumu mtu tunayempenda ndiko kunakopima kama kijana amejifunza.

Fasihi yetu ilikwisha kuliona jambo hili kabla ya wengi wetu kuanza kubishana juu ya projekta. Ebrahim Hussein alipochapisha tamthilia yake Kinjeketile mwaka 1969, alikuwa wazi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, hata kama jina na vita vya Maji Maji ni vya kweli. Tamthilia hiyo imesomwa mashuleni kwa miongo, na mwanafunzi mzuri anajua kwamba inasema mengi kuhusu Tanzania ya miaka ya 1960, iliyokuwa inatafuta namna ya kuwaunganisha watu wake, sawa na inavyosema kuhusu 1905. Walimu wa Kiswahili wamekuwa wakifundisha hivyo. Walimu wa historia wana haki ya kuazima mbinu kutoka darasa la jirani.

Hata filamu za kikoloni za hapa kwetu zingeng'aa kwa mwanga huo. Katika miaka ya 1950 Tanganyika ilitengenezewa filamu za Kiswahili za kuelekeza wananchi, na katika Muhogo Mchungu alionekana kijana Rashidi Kawawa, akiigiza kwa maneno na nia za wakubwa wa serikali. Kufikia Januari 1962 kijana yule alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika huru. Mwanafunzi anayemtazama pale anapaswa kuulizwa waliomwajiri walidhani wanamwonyesha nani, na yeye alikuwa anajifunza nini mbele ya kamera ile kuhusu kuzungumza na umma.

Najua kwamba yote haya yatashindwa ikiwa mtihani hautayatambua, kwa kuwa mwalimu mwenye wanafunzi wengi na mada nyingi hufundisha kile kitakachoulizwa. Basi swali liwekwe katika mtihani wa taifa. Mtahiniwa apewe kifungu cha mkataba wa Msovero wa 1884, apewe maelezo ya tukio hilohilo kama linavyoonyeshwa katika filamu ya 1941, na aambiwe aeleze kila kimoja kilitengenezwa kwa ajili ya nani, kinaficha nini, na ni mtu gani aliyekuwepo ambaye maneno yake hayakuhifadhiwa katika chochote kati ya viwili hivyo. Mtahiniwa mmoja atamwandika Mangungu. Mwingine atamwandika Ramazan, na huenda wa tatu akamwandika Husen, aliyevaa jina la Ramazan mbele ya kamera za Selpin akiwa na madai ya mshahara ambayo Berlin ilikataa kuyalipa. Wote watatu wapewe alama, na mwenye hoja ndefu zaidi ya ushahidi apewe nyingi zaidi.